Baada ya Neno "Mhaini": Maisha ya Aliyetuhumiwa na Wajibu Wetu

(Mada iliyotolewa Lushoto katika semina ya wajumbe wa kamati za Haki na Amani)

Ndugu zangu wapendwa katika Kristo: makatekista, wenyeviti wa Halmashauri za Walei, akina mama wa WAWATA, na ninyi vijana mlioketi karibu na mlango.

Tunawashukuru kwa kuja. Tunajua kuwa wengine mmetoka Mtae na Mlalo, wengine Bumbuli na Soni, na kwamba ukungu wa asubuhi hii haukuwahurumia. Mtu anayeacha shamba lake la viazi siku ya jua ili aje kusikiliza habari za haki, huyo ameshaanza kuitenda haki.

Mada tuliyopewa ni maisha ya mtu aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, akatuhumiwa kula njama za kuipindua serikali. Bila shaka mnajiuliza: "Mambo hayo ni ya wakubwa wa Dar es Salaam. Sisi wakulima wa milimani yanatuhusu nini?" Tunaomba mtuvumilie. Kabla hatujamaliza mtaona kwamba jambo hili limewahi kuketi katika mabenchi ya makanisa yetu, na kwamba sisi wenyewe hatukulipokea vema.

1. Uzito wa neno

Katika sheria zetu uhaini ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifo, na mshitakiwa hapewi dhamana. Hukaa rumande mpaka shauri liishe, hata kama upelelezi utachukua mwaka au miaka. Hatusemi kwamba kosa lenyewe ni dogo. Serikali inayopinduliwa kwa bunduki huacha wajane na yatima, na majirani zetu wa Uganda walituonyesha baada ya mwaka 1971 kwamba anayeingia Ikulu kwa bunduki huitegemea bunduki hiyo hiyo ili abaki humo. Kanisa halibariki njama za damu.

Lakini uzito wa neno ndio sababu ya kulishika kwa uangalifu. Tunayo methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo mengine methali hiyo ina hekima. Katika mambo ya haki inaweza kuua, kwa maana inamfanya kila anayetajwa awe amekwisha kuhukumiwa. Aliyetajwa hana njia ya kutoka: kama alitenda, lipo, kama hakutenda, laja. Mkristo hawezi kumpima ndugu yake kwa kipimo hicho.

2. Kapteni aliyerudi

Tuchukue mfano ulio wazi kwa taifa zima. Mwezi Januari 1983 walikamatwa wanajeshi na raia kadhaa kwa tuhuma za kutaka kuiangusha serikali ya Mwalimu Nyerere. Wazee mnaikumbuka hali ya wakati ule. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina. Sabuni, sukari na nguo vilikuwa havionekani madukani, na manung'uniko yalikuwa mengi, hata ndani ya kambi za jeshi.

Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo ofisa kijana, Kapteni Zacharia Hans Poppe. Jina hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa katika historia ya nchi kwa wino mwingine. Baba yake, Hans Poppe, alikuwa kamanda wa polisi wa mkoa, akauawa mwaka 1971 katika mapigano mpakani mwa Uganda. Serikali ya Idi Amin iliuonyesha mwili wake Kampala ikidai kwamba ni wa ofisa wa kigeni. Basi tazameni: baba alikufa akiilinda mipaka ya Tanzania, na mwana akasimama kizimbani kwa shtaka la kuisaliti Tanzania. Familia moja ilibeba maneno mawili, "shujaa" na "mhaini", na mama wa nyumba hiyo alipaswa kuyabeba yote mawili katika moyo mmoja.

Washitakiwa wawili wa shauri hilo, Hatibu Gandhi aliyejulikana pia kama Hatty MacGhee, na Pius Lugangira, walitoroka rumande mwaka huo wa 1983, wakakimbilia Kenya. Wakati ule Tanzania nayo ilikuwa imewapa hifadhi wanajeshi wa anga wa Kenya waliokimbia baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, akiwamo kiongozi wao Hezekiah Ochuka. Mnamo Novemba 1983 serikali hizi mbili zikabadilishana watu: hawa wakarudishwa huku, na wale wakarudishwa kule. Ochuka alinyongwa Kenya mwaka 1987. Sheria za kimataifa zinakataza kumrudisha mtu mahali anapoweza kupoteza uhai wake, na katazo hilo ni la kweli hata pale mtu huyo anapokuwa amekosa. Binadamu si gunia la mahindi la kubadilishwa na gunia la maharage.

Shauri la hapa kwetu lilikwisha mwezi Desemba 1985, muda mfupi baada ya Mwalimu kung'atuka na Rais Ali Hassan Mwinyi kuapishwa. Watu tisa walitiwa hatiani, Kapteni Hans Poppe akiwa mmojawapo, wakahukumiwa kifungo cha maisha. Wengine waliachiwa. Tunaomba mzingatie mambo mawili. La kwanza ni kwamba mahakama ilikaa hadharani, mashahidi wakasikilizwa, na wapo waliotoka mle huru. La pili ni kwamba hakuna kamba iliyofungwa shingoni mwa mtu. Laiti wangenyongwa, sehemu ya pili ya habari hii isingekuwapo.

Nayo sehemu ya pili ni hii. Mwaka 1995 Rais Mwinyi, akikaribia kuondoka madarakani, aliwasamehe. Kapteni yule alitoka akiwa amekaa nyuma ya ukuta kwa takriban miaka kumi na miwili. Nchi aliyoiacha ilikuwa ya chama kimoja, nayo aliyoikuta ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa vyama vingi. Hakurudi jeshini. Aliingia katika biashara ya magari ya mizigo, akafanikiwa, na akawa mmoja wa viongozi wanaojulikana sana wa klabu ya Simba, akiongoza kamati yake ya usajili kwa miaka mingi. (Wenzetu wa Yanga tunaomba mtuwie radhi, hatukuuchagua mfano huu kwa ajili ya mpira.) Alipofariki tarehe 10 Septemba 2021, waombolezaji walimlilia kama mtu wao, na wengi wa vijana waliolia walikuwa hawajazaliwa siku ile alipohukumiwa.

Hatusemi hayo ili kumfanya mtakatifu, wala kuidharau hukumu ya mahakama. Tunasema kwamba ndani ya mtu aliyehukumiwa kukaa gerezani maisha yake yote mlikuwa bado na miaka ishirini na sita ya kazi na ya kuajiri wengine, ya urafiki na ya ubishi wa mpira. Aliyetia saini ule msamaha hakuijua miaka hiyo. Msamaha daima hutolewa gizani, kwa kuamini.

3. Ambao hawakusikilizwa

Wako wengine ambao maisha yao baada ya tuhuma yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Nchini Kenya, mwaka 1971, kulikuwa na kesi ya watu waliopatikana na hatia ya kupanga mapinduzi. Katika shauri hilo alitajwa Meja Jenerali Joseph Ndolo, Mkuu wa Majeshi, aliyekuwa ofisa wa juu kabisa katika nchi yake. Alijiuzulu mwezi Juni mwaka huo, akarudi shambani kwake. Hakushitakiwa. Alifariki mwaka 1984.

Mtu aweza kusema: "Huyo alikuwa na bahati, hakufungwa hata siku moja." Ni kweli. Lakini angalieni upande wa pili. Aliyeshitakiwa ana siku ya kujitetea. Akishinda, anayo karatasi ya kuwaonyesha watoto wake, na akishindwa, kifungo chake kina mwisho au chaweza kusamehewa. Ambaye hakushitakiwa hana mahali pa kupeleka utetezi wake. Hawezi kusamehewa kwa kuwa hakuhukumiwa, wala hawezi kusafishwa kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza. Hubaki na mnong'ono, na mnong'ono hauna rufaa.

Hapa kwetu Oscar Kambona, aliyekuwa waziri tangu uhuru, alitajwa kuwa kiongozi wa njama zilizofikishwa mahakamani mwaka 1970. Yeye alikuwa Uingereza tangu 1967, akarudi nchini mwaka 1992. Wenzake walioshitakiwa walihukumiwa mwaka 1971, miongoni mwao ofisa mwandamizi wa jeshi William Makori Chacha, na Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaamsha wanawake wa nchi hii kudai uhuru. Bibi Titi alipewa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na wapitao juu yake ni wachache wanaojua kwamba mwenye jina hilo aliwahi kuvaa nguo za gereza.

Tusisahau pia Sheria ya Kuwekwa Kizuizini ya mwaka 1962, iliyomwezesha Rais kumweka mtu ndani pasipo kumfikisha mahakamani. Tume ya Jaji Nyalali, mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliitaja kati ya sheria arobaini zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa. Sababu ni hii tuliyoieleza: adhabu isiyotanguliwa na hukumu humwachia mtu doa lisilofulika.

4. Kuhani wa Anathothi

Biblia inalijua jambo hili. Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura mbili za mwanzo. Mfalme Daudi ni mzee, amelala kitandani. Mwanawe Adonia anajitangaza mfalme, na upande wake wako wawili: Yoabu, mkuu wa majeshi, na Abiathari, kuhani. Jaribio lao linashindwa, na Solomoni anatawazwa.

Wakuu hawa wawili wakapata miisho miwili. Yoabu alikimbilia hemani, akazishika pembe za altare, akauawa papo hapo. Ni kweli mikono yake ilikuwa na damu ya zamani, wala hatutaki kumtetea. Abiathari naye aliambiwa kwamba amestahili kufa, ila hatauawa, kwa sababu alikuwa amelibeba Sanduku la Bwana mbele ya Daudi na kushiriki mateso yake. Akaamriwa aende Anathothi, kwenye mashamba yake. Alipoteza ukuhani, akabaki na uhai na jembe.

Ndugu zangu, wengi wetu tukifika hapo hufunga kitabu. Naomba tusifunge. Nendeni sasa mwanzo wa Kitabu cha Yeremia, mstari wa kwanza kabisa. Nabii Yeremia alikuwa mwana wa mmoja wa makuhani waliokuwa Anathothi, kijiji kile kile alichopelekwa kuhani aliyepatikana katika njama. Zilipita zaidi ya karne tatu, na kutoka katika mji wa aliyefukuzwa Mungu akaita sauti ya kuwaonya wafalme. Na Yeremia huyo, kama mtakavyosoma katika sura ya 37, naye alikamatwa langoni akituhumiwa kwamba anajiunga na adui, akapigwa, akatiwa shimoni. Tuhuma hiyo ilikuwa ya uongo. Basi katika kijiji kimoja tunaye aliyekosa na tunaye aliyesingiziwa, na Mungu hakukifuta kijiji hicho katika kitabu chake.

5. Hekima ya milima yetu

Wala hatuna haja ya kwenda Yerusalemu tu. Wazee wa Usambaa husimulia habari za Mbegha, nazo zimeandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ungulu. Alizaliwa kigego, akiota meno ya juu kwanza, na ndugu walipokufa kwao alinyoshewa kidole yeye. Akafukuzwa. Akazunguka porini na mbwa wake mpaka alipoipanda milima hii. Watu wa hapa hawakumwuliza kwanza alifukuzwa kwa sababu gani. Walimwona akiwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, wakala naye nyama, wakamsikia akiamua magomvi kwa haki. Mwishowe wakampa ufalme pale Vugha. Kabila zima limemkumbuka mwanzilishi wake kuwa mtu aliyetuhumiwa kwao.

Wazee hao hao wana maneno mawili: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya nchi. Walisema kwamba wakuu wakishindana nguvu kwa nguvu, mvua hukoma na njaa huja. Waliyaona hayo kwa macho. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, watoto na wajukuu wa Wakilindi walipigana kwa miaka mingi, na watu wa kawaida walikamatwa na kuuzwa utumwani kuelekea Pangani. Kwa hiyo Msambaa haoni njama za kugombea kiti kuwa mchezo. Lakini nchi huponywa kwa kitu gani? Haikuponywa kwa kuwaua wote wa upande mwingine. Iliponywa pale mtu alipoweza tena kulala nyumbani kwake pasipo hofu, hata kama jana aliufuata upande ulioshindwa.

6. Kosa letu wenyewe

Tuliahidi kwamba tutafika kwenye mabenchi yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulihudumu katika parokia moja ya milimani. Hapo palikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa askari. Katika miaka ile ya themanini alikamatwa kwa mahojiano kwa sababu tu alikuwa akifahamiana na mtu aliyetafutwa. Alikaa ndani miezi kadhaa, akaachiwa bila shtaka lolote, akaacha jeshi, akarudi kulima karoti na kutunza miti yake ya pea. Watoto wake waliitwa "watoto wa mhaini" shuleni. Mmoja aliacha masomo.

Ulifika uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na jina la mzee huyo likapendekezwa. Jioni ile watu wawili wakaja nyumbani kwa mapadre. Hawakumshtaki kwa lolote. Walisema tu, "Baba, ni vema busara itumike, mnafahamu habari zake." Nasi tukatumia hiyo inayoitwa busara. Jina lilitolewa kimya kimya. Hatukumwita, wala hatukumwuliza neno. Yeye aliendelea kuja Misa ya kwanza kila Dominika, akiketi pale pale nguzo ya tatu, akitoa zaka yake kwa wakati.

Alipofariki tulikwenda kuzika. Baada ya maziko mjane wake alituletea maji ya kunawa, akasema kwa sauti ya chini: "Baba, mzee alijua kwamba jina lake liliondolewa. Alisema msiambiwe, msije mkaona haya." Tulinawa, tukanyamaza. Hadi leo hatujapata jibu la kumpa mama yule, ila hili la kulisema mbele yenu.

Mahakama haikumhukumu mzee huyo. Jeshi halikumhukumu. Aliyemhukumu ni jumuiya yake ya Kikristo pamoja na mchungaji wake, pasipo hati ya mashtaka, pasipo shahidi, na pasipo kumsikiliza. Tulifanya kwa kimya kile tunachoilaumu serikali inapokifanya kwa sheria.

7. Tufanye nini?

Neno hili halijaondoka katika nchi yetu. Aprili 2025 kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu, alifikishwa mahakamani kwa shtaka la uhaini. Si kazi ya kamati zetu kutoa hukumu juu ya shauri lolote. Kazi yetu ni kudai kwamba kila shauri lisikilizwe hadharani, kwa haraka na kwa haki, na kulinda ndimi zetu wakati tunasubiri. Hapa Lushoto kuna chuo wanakofundishwa watumishi wa mahakama. Ingekuwa aibu kama hakimu angejifunza katika mji huu kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, naye akishuka sokoni akute wakristo hawalijui hilo.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

Kwanza, kila kamati iwatembelee walioko rumande na magerezani bila kuuliza kosa lao, na izitembelee familia zao kabla ya kuombwa. Mke wa mshitakiwa hana shtaka.

Pili, jina la mtu lisiondolewe katika uongozi wowote wa Kanisa kwa sababu ya mnong'ono. Mwenye neno alitamke mbele ya mhusika, au alimeze.

Tatu, aliyetoka gerezani, awe alisamehewa au alimaliza kifungo, apokelewe hadharani siku ya Dominika, apewe kazi ya mikono yake na nafasi katika jumuiya.

Nne, tuendelee kuiombea na kuisihi nchi yetu iachane na adhabu ya kifo. Tangu mwaka 2018 Katekisimu ya Kanisa inafundisha kwamba adhabu hiyo haikubaliki. Waliofungwa mwaka 1985 wangeuawa, nchi isingekuwa salama zaidi, na tungekosa watu waliorudi wakajenga.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, kuna mtu kati yetu anayeketi peke yake kanisani kwa sababu ya habari ambazo hakuna aliyewahi kumwuliza?
2. Watoto wetu wanajifunza wapi kumwita mwenzao kwa kosa la baba yake?
3. Solomoni alimkumbuka Abiathari kwa mema aliyoyatenda kabla ya kukosa. Sisi humkumbuka aliyekosa kwa lipi?

Ndugu wapendwa, mtakaporudi nyumbani jioni hii mtapita mbele ya nyumba nyingi. Huenda mojawapo mmezoea kuipita bila kubisha hodi. Leo bisheni. Msiende na hotuba. Chukueni hata pea mbili tatu, ketini, mwulizeni habari za shamba.

Tumsifu Yesu Kristo.